WAZEE WETU NA VILEO: JAMBO LA KUFIKIRIWA UKUNDA, DIANI NA MSAMBWENI

Wasomaji wetu wa pwani ya kusini wameyazoea sana maneno haya mawili: "Amelewa tu." Husemwa kila siku mitaani Ukunda, na Msambweni, na penginepo, mtu apitapo akamwona mzee ameketi chini ya ukuta, kichwa kimemwinamia, au amelala kando ya njia itokayo mangweni. Asemaye hasemi kwa ubaya. Husema, hucheka kidogo, kisha hushika njia yake. Habari yetu ya leo yataka kuonyesha kwamba maneno hayo mawili yaweza kumwua mtu, na kwamba shauri la wazee na vileo ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Tuzungumzapo habari za ulevi na dawa za kulevya, aghalabu fikira zetu huenda kwa vijana. Huonekana kana kwamba mtu akiisha kuota mvi huwa amekwisha kuvuka mto huo. Hata wahesabuo watu hufanya vivyo hivyo. Mwaka 2022 NACADA, ndiyo mamlaka ya serikali ya Kenya ishughulikayo na vileo na dawa za kulevya, ilipeleleza nchi nzima ikaona kwamba katika kila watu 6 wenye umri wa miaka 15 mpaka 65, mmoja alikuwa akitumia kileo au dawa ya namna fulani. Hesabu hiyo ni kubwa, walakini tazama mahali ilipokoma: miaka 65. Mzee wa miaka 70 hakuulizwa. Kadhalika upelelezi mkubwa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa mwaka 2015 uliwauliza watu wa miaka 18 mpaka 69. Basi babu na bibi wamebaki nje ya daftari, na mtu asiyeandikwa daftarini ni rahisi kusahauliwa wakati wa kugawanya dawa na fedha.

MJI ULIOKUA UPESI

Ukunda ya zamani ilikuwa vijiji vya Wadigo, penye minazi, mikorosho na miembe. Hoteli zilipozidi kujengwa ufuoni Diani katika miaka ya 1970 na baadaye, watu walikuja kutafuta kazi kutoka Ukambani, Taita, Nyanza na pande nyingine za bara. Walifanya kazi ya upishi, ya udobi, ya kutunza bustani, ya kuchonga vinyago, ya kulinda nyumba usiku. Wenyeji nao waliacha jembe na wavu wakaenda hotelini. Wale waliokuja na nguvu za ujana ndio wazee wa leo.

Tena kazi hizo hazikuwa imara. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwafukuza wageni, na hoteli nyingi zikabaki tupu. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukafanya kama yale yale. Kila mara kazi ikatikapo, kijana huitwa tena siku mambo yatengeneapo. Mwenye umri mkubwa haitwi. Basi leo utamkuta mzee amepanga chumba kimoja katika nyumba yenye vyumba vingi, choo kimoja, kisima kimoja. Shamba hana, au ameliuza. Mke amekufa, watoto wako Mombasa au Nairobi, au wamemwachia wajukuu awalee. Magoti yanamwuma, usiku haupiti. Katika hali kama hii kikombe huwa rafiki, maana ni rafiki asiyechelewa kuja.

TEMBO LA ZAMANI NA TEMBO LA LEO

Watu wa Kwale hawahitaji kufundishwa habari za tembo la mnazi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya ua la mnazi ambalo halijafunguka, na maji yake hutiririka katika kibuyu. Maji hayo yakitoka ni matamu, hayana ulevi. Lakini chachu iliyomo hewani na kibuyuni huyaingia mara moja, na kwa muda wa saa chache tu ulevi hufika kadiri ya sehemu 4 katika kila 100. Yakilala siku moja au mbili huendelea kuchacha, mwisho huwa siki.

Katika desturi za zamani za Wamijikenda tembo lilikuwa la wazee. Kijana hakuruhusiwa kuketi nao hivi hivi. Na hata mzee mwenyewe alikunywa kwa wakati wake: katika shauri la mahari, katika matanga, katika mapatano ya shamba au ya ugomvi uliokwisha. Watu walikuwapo, chakula kilikuwapo, na mzee aliyezidisha aliona aibu mbele ya wenzake. Hatuandiki haya ili kumsifu mnywaji wa kale; Wadigo wengi ni Waislamu, na dini yao imekataza kileo tangu hapo. Twaandika kusudi ionekane tofauti. Leo mangwe hufunguliwa mchana kutwa, mzee hunywa peke yake, hunywa tumbo tupu, hunywa kwa deni, wala hakuna shauri linalokatwa. Kilichobaki cha desturi ni kibuyu tu.

Tena tembo si kileo cha peke yake. Iko pombe ya kukenekwa iitwayo chang'aa, na ziko pombe kali za chupa ndogo za bei rahisi. Sheria ya Vileo ya mwaka 2010 ilifuta ile iliyopiga chang'aa marufuku kabisa, lakini ikaagiza itengenezwe na kufungwa kwa kanuni za viwanda; ile ya uani bado ni haramu kwa sheria. Hatari yake kubwa ni spiriti ya viwandani iitwayo methano, ambayo wauzaji wabaya huichanganya ili ikolee. Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe ya namna hiyo katika sehemu mbalimbali za Kenya, na wengine wakapofuka. Februari 2024 watu wengine wakafa huko Kirinyaga. Methano ikiingia mwilini hugeuzwa na ini kuwa asidi kali, nayo hushambulia mishipa ya macho. Dalili huja baada ya saa nyingi, pengine siku ya pili: tumbo kuuma, kutapika, kuhema upesi, na macho kuona kama ukungu mweupe. Mtu wa namna hiyo asipewe maziwa wala asiambiwe alale. Apelekwe hospitali saa ile ile, maana dawa ipo ikiwahi.

MWILI WA MZEE SI MWILI WA KIJANA

Wazee wengi husema, "Mimi nimekunywa kiasi hiki tangu ujana, na sijapata kudhurika." Maneno hayo yaweza kuwa kweli kwa miaka iliyopita, wala yasiwe kweli kwa leo. Kwa nini? Mwili wa binadamu, kila azeekavyo, hupungukiwa na maji na nyama, huongezeka mafuta. Kileo huchanganyika na maji ya mwili, hakichanganyiki na mafuta. Basi vikombe vile vile viwili vilivyoingia katika maji mengi ya kijana, sasa huingia katika maji machache ya mzee, na ulevi katika damu huwa mkali zaidi. Tena kwa wazee wengi ini na figo zimechoka. Kipimo hakikubadilika, mwili ndio uliobadilika.

Jambo la pili ni dawa. Kijana anywaye huwa hana dawa nyingine mwilini. Mzee aghalabu ana vidonge vya shinikizo la damu, au vya sukari, au vya maumivu. Kileo pamoja na dawa za shinikizo humfanya mtu aone kizunguzungu ainukapo, akaanguka. Na mfupa wa nyonga wa mzee ukivunjika, huenda asitembee tena. Pamoja na dawa za usingizi huweza kuzuia pumzi. Pamoja na dawa za kifua kikuu, au vidonge vingi vya panadoli, huliumiza ini.

Jambo la tatu ni chakula. Mnywaji hula kidogo, na mwili hukosa vitamini iitwayo B1. Ikikosekana muda mrefu, mtu huanza kuyumba hata siku ambayo hakunywa, macho hucheza, na fahamu hupotea. Watu husema ni uzee, au ni kurogwa. Mara nyingi ni upungufu ambao sindano za vitamini hiyo, zikitolewa mapema, zaweza kuutengeneza. Katika nchi yetu ya pwani, ambako mzee akipotewa na akili aweza kutajwa kuwa mchawi na kutishwa maisha yake, jambo hili si dogo.

"AMELEWA TU"

Tuchukue mfano wa mzee mmoja, mfano ambao mkazi wa Ukunda hatauona mgeni. Zamani alikuwa mlinzi wa usiku huko Diani. Ana ugonjwa wa sukari, naye hupewa vidonge katika dispensari. Siku moja asubuhi amemeza kidonge chake bila kula, kwa kuwa nyumbani hamna kitu. Saa sita akapata vikombe viwili vya tembo kwa rafiki. Saa tisa ameketi barazani, jasho linamtoka, maneno yake hayaeleweki.

Anapita mama mmoja, mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa ule. "Shikamoo, babu." Mzee hajibu.

"Mwache, mama," asema kijana mmoja. "Babu amelewa tu."

Yule mama amgeukia mke wa mzee. "Bibi, amekula nini leo?"

"Tangu jana usiku hakutia kitu kinywani, mwanangu. Kidonge chake alimeza, kisha akatoka."

Mama atoa kipimo, amchoma kidole. Sukari iko chini ya 4, ndicho kiwango ambacho chini yake ni hatari. Atazama kama mzee aweza kumeza, aona aweza. Amnywesha maji yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Baada ya robo saa mzee afungua macho, awatazama watu waliomzunguka, kisha asema, "Marahaba, mwanangu. Mbona mmejaa hivi, kuna maiti?" Watu wacheka. Walakini mama hakumwacha. Ahakikisha amepata chakula, na jioni ile apelekwa hospitali, kwani kidonge kile hufanya kazi muda mrefu na sukari yaweza kushuka tena.

Basi tufahamu jambo lililotokea. Mtu asipokula, ini ndilo litoalo sukari iliyowekwa akiba. Ini likiwa na kazi ya kuondoa kileo, huacha kazi ya kutoa sukari. Kidonge nacho kinaendelea kuishusha. Mgonjwa huyu hutoka jasho, huyumba, huongea ovyo, kama mlevi hasa. Kadhalika mtu aliyepigwa na kiharusi huongea kwa ulimi mzito na kuanguka upande. Kadhalika aliyeumia kichwa. Wote hawa husemwa wamelewa. Na ubaya wa mambo ni huu, kwamba pengine kweli wamekunywa. Harufu ya tembo ipo. Lakini harufu ya tembo haimzuii mtu kupata kiharusi. Ndiyo sababu twasema: mzee aliyeanguka ni mgonjwa mpaka ijulikane vingine.

TUMBAKU, TAMBUU NA MUGUKA

Kuna vitu vingine ambavyo watu hawavihesabu kuwa vileo. Wako mabibi wengi wa pwani ambao hawajapata kugusa tembo, lakini hutafuna tambuu kila siku, pamoja na popoo, chokaa na tumbaku. Wengine huvuta ugoro, au huweka tumbaku mdomoni. Ni desturi ya heshima, tena ni ya ukarimu. Lakini madaktari wa dunia, katika shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, walikwisha kuthibitisha mwaka 1985 kwamba tambuu yenye tumbaku huleta saratani ya kinywa, na mwaka 2003 wakathibitisha kwamba hata popoo peke yake ina hatari hiyo. Bibi mwenye kidonda kinywani, au alama nyeupe au nyekundu isiyotoka kwa muda wa majuma matatu, asiseme ni chokaa imemchoma. Aende akatazamwe. Saratani hiyo ikionekana mapema hukatwa ikaisha. Ikichelewa humzuia mtu kumeza hata uji.

Muguka nao ni majani ya jamii ya miraa, hulimwa Embu, na huuzwa rahisi kuliko miraa yenyewe. Mei 2024 Gavana wa Mombasa aliupiga marufuku, na majirani wengine wa pwani wakafuata. Mahakama ikazisimamisha amri hizo, na ugomvi baina ya wakulima wa bara na wazazi wa pwani ukavuma nchi nzima. Hatuingii katika ugomvi huo. Twataka kusema tu kwamba katika ugomvi ule walitajwa vijana, na wazee hawakutajwa. Nao wako wazee wengi walindao majumba usiku ambao hutafuna ili wasisinzie. Muguka huamsha, lakini huharakisha moyo, hupandisha shinikizo la damu, huondoa njaa na kufunga choo. Asubuhi mlinzi hawezi kulala. Basi hunywa pombe au humeza kidonge cha usingizi apate kulala. Jioni amechoka, atafuna tena. Mnyororo huo, kwa mtu wa miaka 65 mwenye shinikizo, ni mfupi.

UNGA NA WATU WALIOZEEKA NAO

Sasa twafika mahali pagumu. Heroini, iitwayo unga, ilianza kuenea pwani ya Kenya katika miaka ya 1980. Hutoka Afghanistan, huvushwa bahari kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, na sehemu yake hubaki katika miji ya pwani. Tuone kadiri yake: Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ilikamata jahazi mbali na pwani ya Afrika Mashariki likiwa na heroini zaidi ya kilo 1,000, imefichwa katika mifuko ya saruji.

Fanya hesabu. Kijana aliyeanza unga mwaka 1985 akiwa na miaka 25, alitimiza miaka 65 mwaka 2025. Wenzake wengi wamekufa. Yeye amebaki, kwa bahati au kwa nguvu za mwili wake. Watu wa mtaa humwita teja, neno la dharau, na ni mtu ambaye kama si unga angeitwa babu. Mapafu yamechoka kwa moshi, mishipa imeharibika kwa sindano, pengine ana homa ya ini ya namna ya C au virusi vya UKIMWI. Kliniki za wazee hazimtazamii, na kliniki za watumiaji wa dawa za kulevya hutazamia vijana. Yuko katikati, naye kwa aibu hujificha.

Watu hawa wajue kwamba tiba ipo. Desemba 2014 Kenya ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Mapema mwaka 2015 ikafika Malindi, na baadaye Mombasa, na Kombani katika Kaunti ya Kwale. Methadoni ni dawa ya kunywa, hupewa mtu kila siku mbele ya mtoaji. Huondoa arosto, yaani mateso ya kukosa unga, kwa muda wa siku nzima bila kumlevya aliyepimiwa vema. Basi mtu hupata kulala, kula, na kufikiri jambo lingine. Si kubadilisha ulevi kwa ulevi, kama wasemavyo wengine. Ni kama dawa ya sukari au ya shinikizo: hushika ugonjwa usimshike mtu.

Walakini kwa mzee yataka uangalifu. Hufunga choo, huweza kugusa mapigo ya moyo, na ikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi huzuia pumzi. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huipunguza nguvu, arosto ikarudi. Kwa hiyo mgonjwa amweleze daktari kila kitu anachotumia, bila kuficha. Na liko shauri la njia: kutoka Msambweni mpaka Kombani kila siku ya Mungu ni nauli ya kwenda na kurudi, na magoti ni ya miaka 65. Ndugu amsaidiaye mzee wake nauli hiyo amemfanyia tiba kama daktari.

KUACHA KWA GHAFULA, NA MWEZI WA RAMADHANI

Jamaa wengi, wakiona mzee amezidi, humfungia chumbani siku tatu "mpaka ulevi umtoke." Nia ni njema, tendo ni la hatari. Mtu aliyezoea kunywa kila siku kwa miaka mingi, ubongo wake umejizoeza kufanya kazi pamoja na kileo. Kikikatwa mara moja, baada ya saa chache mikono hutetemeka na jasho humtoka. Katika siku mbili za kwanza aweza kupata kifafa. Siku ya pili mpaka ya nne aweza kuweweseka, akaona watu na wadudu wasiokuwapo, moyo ukaenda mbio. Na akikosa dawa aweza kufa. Unga hutesa sana ukiachwa, lakini ni pombe hasa iuayo kwa kuachwa ghafula.

Hapa kwetu hatari hii ina majira yake. Wako wanywaji wengi ambao kwa heshima ya dini huacha kabisa siku mwezi uandamapo. Kuvunja jungu wamevunja, siku ya kwanza ya mfungo hawakugusa. Siku ya pili watetemeka, na watu wasema ni saumu. Nia ya kuacha ni ya kusifiwa sana, na Ramadhani ni mlango mwema wa kuacha moja kwa moja. Basi aende kwa daktari mapema, katika mwezi wa Shaabani, aeleze nia yake. Atapewa dawa za kumvusha siku zile za kwanza, pamoja na vitamini. Na mwenye ugonjwa wa sukari aulize kwanza kama afya yake yaruhusu kufunga.

FEDHA ZA MZEE

Tangu mwaka 2018 serikali ya Kenya huwapa wazee wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, katika mpango wa Inua Jamii. Si fedha nyingi, lakini kwa mzee wa mtaani ni unga wa ugali, mafuta ya taa na nauli ya hospitali. Mtu atumiaye shilingi 50 kila siku kwa tembo au tumbaku, kwa siku 30 ametumia shilingi 1,500. Zimebaki 500. Wala tusiwalaumu wazee peke yao. Wako vijana wamsindikizao babu kupokea fedha, wakarudi naye kwa njia ipitayo mangweni, naye akafika nyumbani mikono mitupu. Huo ni wizi, ijapokuwa mzee alicheka njia nzima.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, imesema kwamba mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata utunzaji kwa jamaa yake na kwa serikali. Imewataja wote wawili.

TUFANYE NINI?

Tumeandika hapa chini mambo machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya.

1. Mzee aliyeanguka au aongeaye ovyo asiachwe. Kama aweza kumeza na ana ugonjwa wa sukari, apewe maji ya sukari. Kama amezimia, asitiwe kitu kinywani. Alazwe kwa ubavu, apelekwe hospitali.

2. Umpelekapo mzee katika dispensari au katika Hospitali ya Msambweni, chukua dawa zake zote mfukoni, na za duka pia. Mwambie daktari kweli kuhusu tembo, tumbaku, muguka na vinginevyo. Daktari si kadhi wala polisi.

3. Asinywe kileo siku amezayo dawa bila kuuliza; na kwa kuwa dawa nyingi ni za kila siku, maana yake ni kwamba afadhali aache. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kipimo cha kileo kisicho na madhara kwa afya.

4. Anywaye kila siku asikatwe ghafula. Apunguze kwa shauri la daktari.

5. Maumivu ya magoti na kukosa usingizi vitibiwe. Mara nyingi hivyo ndivyo vilivyomwongoza mangweni.

6. Wajue wahudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Tangu Septemba 2023 serikali imewagawia mikoba yenye vipimo vya sukari na vya shinikizo, nao hufika nyumbani.

7. Makarani na walimu, ninyi mjuao kusoma fomu, wasaidieni wazee kuandikishwa katika bima ya afya ya SHA iliyoanza Oktoba 2024, na katika Inua Jamii. Mzee aliyeambiwa "njoo kesho" mara tatu harudi mara ya nne.

8. Mpe mzee kazi na watu. Mwulize habari za mipaka ya mashamba, za uvuvi, za dawa za miti. Mzee anayengojewa nyumbani jioni ana sababu ya kurudi na akili zake.

Yako mambo ambayo nyumba moja haiwezi kuyafanya. Kuwahesabu wazee wa miaka 70 na 80 katika upelelezi ujao wa vileo ni kazi ya serikali. Kusogeza methadoni karibu na Msambweni ni kazi ya kaunti. Haya yafaa kuulizwa katika mabaraza ya machifu na katika mikutano ya wawakilishi wa wadi, tena yaulizwe na wazee wenyewe, kwani mtu hujua mwenyewe mahali kiatu kimbanapo.

Wahenga walisema, "Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini." Wazee wetu wengi wamevunjika guu malishoni, katika hoteli, katika viwanda, katika bahari na barabara. Sasa wamejikokota mpaka zizini. Wakikuta mlango umefungwa, watalala njiani, nasi tutapita tukisema yale maneno yetu mawili.